Kondoo Bubu wa Kolo

1

Pampu zilizima saa nne asubuhi, kondoo sitini wakiwa wameshabanwa kwenye vibano na mafuta ya mikia yao yakiwa yameanza kushuka kwenye mipira ya pampu.

Siwema Mrisho alikuwa katikati ya banda, mkono juu ya bilula ya mkia wa jike mmoja mweupe mwenye doa jeusi shingoni. Kwa miaka sita aliyofanya kazi katika Kituo cha Ugemaji cha Kolo hakuwahi kulisikia banda lile bila pampu. Zilinguruma tangu alfajiri hadi adhuhuri, mpaka wagema wakazoea kuelewana kwa ishara za mikono, na wakirudi majumbani wakasemezana na watu wao kwa sauti ya juu kama wanaogombana. Sasa umeme ulikuwa umekatika, na kimya kilichoingia kilikuwa kizito kuliko ngurumo.

Halafu akasikia kitu. Kilikuwa kama gunia la changarawe linaloburutwa juu ya sakafu ya saruji, mbali kidogo, bila kukoma.

"Nani anaburuta nini huko?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa akiburuta kitu. Wagema wanane walikuwa wamesimama kama yeye, kila mmoja ubavuni mwa kondoo wake, wakingoja umeme. Mmoja akainua mabega. Sauti iliendelea. Haikutoka upande mmoja. Ilitoka kila mahali, chini, usawa wa magoti ya mtu.

Siwema akachuchumaa mbele ya yule jike. Masikio ya mnyama yalikuwa yamelazwa nyuma, macho wazi lakini hayamtazami mtu. Taya la chini lilikwenda kulia na kushoto, taratibu, kwa nguvu. Siwema alidhani anacheua. Akangoja aone koo likimeza, aone tonge jingine likipanda. Koo halikusogea. Akaweka kiganja chini ya taya, akausikia mfupa ukitetema kama jiwe la kusagia ulezi lisilo na ulezi.

Marehemu baba yake alikuwa na kondoo mia na ishirini kwenye miteremko ya Irangi, na Siwema ndiye aliyewachunga mpaka alipoolewa. Baba alimfundisha mapema: mbuzi akichomwa na mwiba, kijiji kizima kitajua, kondoo akivunjika mguu, utajua kwa meno yake. Kondoo ana haya ya maumivu. Asipoweza tena kuyabeba, huyasaga.

Akaenda kwa kondoo wa pili. Akaenda kwa wa tatu. Alipofika wa kumi na moja hakuinama tena, kwa kuwa sasa aliwasikia wote.

Umeme ulirudi baada ya dakika kumi na mbili. Ngurumo ikaimeza sauti ile kana kwamba haikuwahi kuwepo. Siwema aliifunga bilula ya yule jike, akauchomoa mpira, akamfungua kibano. Msimamizi alimwona kutoka ng'ambo akampigia ishara: kuna nini? Siwema akajibu kwa ishara ya kichwa kuuma. Haikuwa kweli, lakini katika ishara zao zote za miaka sita hakuna hata moja iliyotosha kusema alichokisikia.

2

Kabla ya Kutu, hakuna mtu nchini aliyewaza kwamba mafuta yanaweza kwisha.

Kutu Nyeusi ilianza kwenye alizeti. Msimu uliofuata ikaingia kwenye karanga na ufuta, kisha kwenye michikichi na minazi, mpaka kila mmea wenye punje ya mafuta ukawa na madoa kama masizi. Ng'ombe walikuwa wameshakwisha kwa ukame uliotangulia. Nchi nyingine zilikuwa na njaa yao, zikafunga bandari zao. Zikabaki nafaka, majani, kondoo na mbuzi.

Wataalamu walipokaa wakakokotoa, waliona kwamba kondoo na mbuzi wote wa nchi, wakichinjwa kama kawaida, wangempa kila mtu chini ya nusu gramu ya mafuta kwa siku: tone linaloenea juu ya ukucha. Wakichinjwa zaidi ya hapo, wangekwisha. Mbuzi hakuwa na la kusaidia. Mafuta yake yako ndani, yamezunguka figo, huyapati mpaka umfungue. Lakini kondoo wa mkia hubeba akiba yake nje. Ndipo ukaja ugemaji, na uzao mpya wa kondoo uliotengenezwa kwa ajili yake. Jioni kondoo hudungwa dawa inayoyeyusha mafuta ya mkia kama nta. Asubuhi hufunguliwa bilula iliyopandikizwa penye shina la mkia. Hutoka kilo tatu. Baada ya siku ishirini mkia umejaa tena. Kondoo aliyechinjwa hutoa mkia mmoja. Anayegemwa hutoa mikia sabini kabla ya kuzeeka. Kutoka tone la ukucha, kila mtu akapata vijiko viwili.

Siwema aliijua maana ya vijiko hivyo. Mwanawe wa mwisho, Shabani, alikuwa na miaka minne Kutu ilipofika. Hakulala njaa hata siku moja: alikula ugali, alikula mlenda, tumbo likajaa. Lakini mwili usio na mafuta hauwezi kuchukua kilicho ndani ya majani. Kwanza akaanza kujigonga kwenye milango jua likizama, haoni. Kisha vidonda havikufunga. Kisha surua ikapita kijijini, ikawaacha wengine, ikamchukua yeye. Alikufa akiwa ameshiba. Hilo ndilo Siwema hakuweza kumweleza mtu ambaye hakuyaishi.

Kwa hiyo kituo kilipofunguliwa Kolo, alikuwa wa kwanza kuomba kazi.

Tatizo lilikuwa moja, nalo lilikuwa la dini. Masheikh walikumbusha hukumu ya kale, kwamba kinachokatwa kwa mnyama aliye hai ni mzoga. Walibishana miezi minne. Mwisho wakasema ugemaji unafanana na kukamua maziwa kuliko kukata nyama, mradi mnyama haumii. Wataalamu wakatoa hati: mkia wa uzao huu mpya ni mfu kwa hisia, kama ncha ya ukucha. Kwamba uzao wenyewe ni bubu, haulii kabisa, ilielezwa kuwa ajali ya kuchanganya mbegu. Masheikh hawakutosheka na karatasi. Wakataka kila zizi liwe na shahidi, mtu wa hapo hapo, anayejua kondoo na anayeogopa kiapo. Kolo walimchagua Siwema. Kila mwezi wa Shaabani alikuja Sheikh Twaha, akamwapisha, akamuuliza maswali matatu. Na kila mwaka, kwa swali la tatu, Siwema alijibu: haumii.

Sheikh Twaha angekuja kesho kutwa.

Adhuhuri ile, badala ya kwenda nyumbani, Siwema alizunguka nyuma ya banda mahali walipotupwa mafuvu ya kondoo waliostaafishwa. Akaokota taya moja, kibati cha namba ya sikio bado kikining'inia kwa ngozi kavu. Kondoo wa miaka mitatu. Meno yake yalikuwa yamelika mpaka kwenye ufizi. Wagema wote waliyajua meno yale. Walisema ni mchanga wa malisho. Siwema alilizungusha taya mkononi. Kondoo hawa hawakuwahi kuchungwa. Walilishwa pumba safi kwenye mabakuli.

3

Daktari Anyelwisye Mwakatobe, mkuu wa kituo, alikuwa mtu mrefu aliyeinama kidogo, kama mtu aliyezoea milango mifupi. Siwema aliliweka lile taya juu ya meza yake bila salamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Daktari aliliangalia muda mrefu. Hakuuliza ni la nini.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia. Kwa hiyo ulijua."

"Kaa, Bi Siwema."

"Nitasimama, Bwana Daktari."

Daktari naye akasimama, akaenda kufunga dirisha lililoelekea bandani, ngurumo ikapungua.

"Uzao wa kwanza kabisa tuliuondolea maumivu kweli," alisema. "Hati haikuwa ya uongo siku ilipoandikwa. Mikia ilikuwa kama mbao. Unajua kilichotokea? Nzi walitaga, funza wakaingia, kondoo hakujua. Alijikwaruza kwenye waya mpaka mfupa ukaonekana, hakujua. Ndani ya miezi mitano walikufa tisa katika kila kumi. Maumivu ndiyo mlinzi wa mnyama. Ukimwondoa mlinzi, nyumba inaibiwa."

"Mkayarudisha."

"Tukayarudisha. Na waliporudi kugemwa, walilia." Alisita. "Hujawahi kusikia kilio cha aina ile. Wagema wa kwanza, kabla kituo hiki hakijafunguliwa, walifanya kazi siku tatu, ya nne hawakuja. Tukaleta wengine. Wakaondoka. Na nje watoto walikuwa wanakufa. Basi tukaondoa sauti."

Siwema alishika ukingo wa meza. "Si ajali ya mbegu."

"Hapana. Sauti tuliiondoa kwa ajili yenu ninyi. Ili muweze."

Siwema aliona kwamba macho ya yule mtu yalikuwa mekundu, wala wekundu huo haukuwa wa leo.

"Ganzi?" aliuliza.

"Inayeyuka kwenye mafuta. Mtoto wa kwanza aliyelishwa mafuta yenye ganzi alilala siku mbili, tulidhani tumemuua. Tumejaribu ganzi kumi na nne."

"Hakuna njia yoyote?"

"Kuna ya kupunguza. Mkia ukipumzishwa siku sitini badala ya ishirini, kidonda hupona, na maumivu ya kugema hubaki ya siku moja badala ya kuwa ya maisha. Lakini utapata theluthi ya mafuta tunayopata sasa."

"Na theluthi hiyo angekula nani?"

"Hilo ndilo swali ambalo hakuna wizara, hakuna baraza, hakuna mtu aliyetaka kulijibu. Ilikuwa rahisi zaidi kumziba kondoo mdomo." Akalisukuma lile taya taratibu kuelekea kwake. "Sitakuzuia, Bi Siwema. Sitakufukuza kazi. Najua ulimzika mtoto, na mimi nilizika mdogo wangu. Nakuomba kitu kimoja tu. Kabla hujasema mbele ya sheikh, nenda kliniki ya binti yako ukaangalie ule mstari wa watoto."

4

Hakuhitaji kwenda. Rehema, bintiye, alikuwa muuguzi wa kliniki ya Kolo, na kila jioni alirudi na mstari ule kichwani: nani mkono wake umetoka kwenye rangi nyekundu ya utepe wa kupimia unene wa mkono, nani yuko kwenye njano, nani ameingia kijani cha afya.

Rehema alikuwa akichambua mlenda Siwema alipomweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na kazi.

"Watu wamechinja kondoo tangu Nabii Ibrahimu," alisema. "Nani aliwauliza kama wanaumia?"

"Kuchinja ni mara moja, mwanangu. Na kisu hukinoi mbele yake. Huyu tunamrudia kila siku ishirini, miaka minne."

"Kwa hiyo bora mtoto wa mtu?"

"Sijasema bora."

"Ukisema mbele ya Sheikh Twaha ni sawa na kusema." Rehema aliweka sinia chini. "Mama, mimi nina watoto ishirini na sita kwenye nyekundu. Kila asubuhi nawatia kijiko mdomoni kwa mkono wangu. Nitawaambia nini mama zao?"

Siwema alimtazama bintiye, akamwona alivyokuwa na miaka kumi na sita, amembeba Shabani mgongoni kwenda zahanati.

"Basi usiseme anaumia, wala usiseme haumii," Rehema alisema kwa sauti ya chini. "Sema hujui. Wewe si daktari. Sema 'sijui', Mama. Si uongo huo."

"Ningekuwa sijui, ningesema."

"Mungu ni mwingi wa rehema."

"Ndiyo maana namwogopa," alisema Siwema, akainuka kwenda kuchukua udhu.

5

Sheikh Twaha alikuwa mtu mnene wa makamo, zamani mwalimu wa hesabu, mwenye kikohozi kisichoisha. Walikaa kwenye chumba kidogo kilichoungana na banda, msahafu mezani, Daktari Mwakatobe kwenye kiti cha pembeni kama sheria ilivyotaka. Ngurumo ya pampu ilipenya ukutani, hivyo sheikh alilazimika kupaza sauti.

Akamwapisha. Akauliza la kwanza: mnyama anakula baada ya kugemwa?

"Anakula, sheikh wangu. Siku ya pili."

Akaandika. La pili: anasimama kwa miguu yake?

"Anasimama."

Akaandika. Siwema aliona kalamu yake imeshaanza herufi ya kwanza ya jibu la tatu kabla hajauliza.

"Na je, anaumia?"

"Anaumia."

Kalamu ilisimama. Sheikh akakohoa, akafuta mdomo, akamwangalia kama aliyedhani amesikia vibaya kwa sababu ya pampu.

"Umesema?"

"Anaumia, sheikh. Ameumia miaka yote sita. Niliapa haumii kwa kuwa sikujua, na sasa najua."

"Umejuaje?"

Siwema akamgeukia Daktari Mwakatobe. "Zima pampu," alisema.

Daktari angeweza kukataa. Angeweza kusema kuzima katikati ya ugemaji kunaharibu mitambo, na sheikh angemwamini. Aliinuka, akafungua kisanduku cha ukutani, akashusha swichi kwa mkono wake.

Waliingia bandani watatu. Sheikh Twaha alisimama kwenye njia ya katikati, kichwa kimeinama, akisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua iliyo mbali. Kisha akapiga magoti kwa shida, kanzu ikagusa sakafu yenye mafuta, akaweka sikio lake kwenye taya la kondoo wa karibu. Alikaa hivyo mpaka wagema wakaanza kutazamana.

"Astaghfirullah," alisema. Akarudia. Alipoinuka alimshika Siwema mkono wa nguo, kitu ambacho pengine hakukikusudia. "Ungesema hujui, ningeandika hajui. Tungeendelea."

"Najua, sheikh wangu."

"Kuna watoto."

"Najua."

"Hukumu si yangu peke yangu. Baraza litakaa." Alitazama mikono yake iliyong'aa mafuta. "Na mpaka baraza likae, Bi Siwema, usimwambie mtu."

Lakini wagema wanane walikuwa wamesimama pale pale, nao walikuwa na masikio.

6

Neno lilifika sokoni kabla ya sala ya Alasiri. Halikufika kama Siwema alivyolisema. Lilifika likiwa neno moja: mzoga.

Kesho yake, kati ya watoto ishirini na sita wa nyekundu, tisa tu ndio walioletwa kliniki. Kesho kutwa, wanne. Rehema alituma salamu kwa mama za waliobaki; zilirudi bila majibu. Mafuta yaliyokuwa majumbani yalimwagwa nyuma ya vyoo, na mbwa wa Kolo wakanenepa wiki ile. Baraza lilikuwa limeketi Dodoma, likisoma, likibishana, halijatoa neno.

Siku ya tano Siwema alichukua kopo la mafuta na kijiko, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Alibisha hodi kwa watu waliomjua tangu utoto wake.

"Nilisema kondoo anaumia," aliwaambia. "Sikusema msimpe mtoto. Aliye katika dharura hana dhambi. Mpeni. Dhambi kama ipo, nibebesheni mimi."

Wengine walipokea. Wengine walimsikiliza kwa adabu, wakamshukuru, wakafunga mlango. Katika nyumba ya Mwanahamisi, mama kijana wa mtoto mmoja aitwaye Yusra, hakuna aliyefunga mlango. Mwanahamisi alitoka nje, mtoto begani, mkono wa mtoto mwembamba kama mpini wa mwiko.

"Shikamoo, Mama Rehema."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta—"

"Nimeona ulicholeta." Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Uliapa mara sita kwamba haumii. Tukala. Ukaapa mara ya saba kwamba anaumia. Tukaacha. Leo unakuja mlangoni kwangu bila msahafu. Mama, tushike kiapo kipi?"

Siwema alisimama na kijiko mkononi. Aliyafikiria maneno mengi na kila moja lilikuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo yeye mwenyewe angeliamini kama angelisikia kutoka kinywa chake.

"Ngoja basi baraza," alisema mwisho. "Lakini usingoje sana."

Mwanahamisi alingoja. Yusra alifariki siku ya kumi na tatu, kwa homa ambayo mtoto mwenye mkono wa kijani angeicheka.

Rehema alirudi kutoka mazikoni, akaketi kizingitini bila kuvua viatu. Siwema alimletea maji. Hakuyapokea.

"Sikulaumu," Rehema alisema. "Nataka ujue hivyo. Lakini kukusamehe, sijui bado. Usiniulize."

"Sitakuuliza."

7

Hukumu ilitoka siku ya kumi na tisa na kusomwa misikitini yote. Makanisa, ambayo yalikuwa yamekaa kimya miaka sita, yakasoma nayo.

Kwamba kilichogemwa kwa maumivu hakimfai mtu ila mwenye dharura, na dharura hupimwa kwa kadiri yake. Wenye dharura ni watoto wa chini ya miaka saba, wenye mimba, wanaonyonyesha, na wagonjwa. Wengine wote, wakubwa na wadogo, mawaziri na wachungaji, wasiguse hata kijiko. Mkia upumzishwe siku sitini. Na kondoo warudishiwe sauti, ili asiwepo mtu anayegema bila kusikia anachokifanya.

Serikali ilipinga lile la mwisho zaidi ya mengine yote. Lilipitishwa hata hivyo. Kuirudisha sauti, alieleza Daktari Mwakatobe alipoulizwa, si kazi kubwa. Ni kuacha tu kuiondoa.

Ukapita mwaka na nusu. Watu wazima wa Kolo wakaanza kurudi nyumbani mapema, kwa sababu jua likielekea kuzama hawakuona tena vizuri njiani. Siwema alijifunza kuhesabu hatua kutoka kisimani hadi mlangoni. Mwanahamisi alipata mtoto mwingine, na alipokuwa na mimba alipokea kijiko chake kutoka kwa Rehema bila kusema neno.

Siku majike wa kwanza wenye sauti walipofikisha umri wa kugemwa, walikuja wagema watano. Watatu walikuwa wameacha kazi tangu jana yake. Pampu hazikuwashwa, amri ya baraza ilitaka mafuta yashuke yenyewe.

Siwema ndiye aliyefungua bilula ya kwanza.

Jike yule alinyoosha shingo na kulia. Haikuwa "mee" ya kondoo aliyepotezana na mwanawe. Ilianzia chini, ikapanda, ikavunjika, ikaanza upya. Siwema aliweka mkono wa kushoto ubavuni mwake, akauacha hapo. Mkono wa kulia haukutoka kwenye bilula. Mmoja wa wagema watano alitoka nje kutapika, akarudi. Daktari Mwakatobe alisimama ukutani tangu kondoo wa kwanza hadi wa ishirini, mikono nyuma, wala hakuziba masikio.

Walikuwa wamefika wa kumi na saba Rehema alipokuja kuchukua kopo la kliniki. Siku zote alilipokea getini. Leo mlinzi alikuwa ameondoka kwenda kukaa mbali na kilio. Akaja mpaka mlangoni mwa banda, akasimama.

Siwema hakumwita. Aliendelea na kazi mpaka kopo lilipojaa, akalifunika, akalipeleka mlangoni, kilio kikimfuata nyuma.

"Ni hawa?" Rehema aliuliza.

"Ni hawa."

"Miaka yote ile?"

"Miaka yote ile, mwanangu. Mara tatu ya hawa."

Rehema alitazama ndani kwa muda. Siwema alingoja kusikia neno, lolote, la lawama au la msamaha. Halikuja. Badala yake binti aliinama akashika mpini wa kopo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaushika mkono wa mama yake, wenye mafuta vile vile, akaubana kwa nguvu mara moja, akauachia.

Kisha akabeba kopo akaenda zake haraka, maana kliniki ilikuwa imeshafunguliwa.

Siwema akarudi ndani. Walikuwa wamebaki watatu.